Uasi wa Mwanamke na Ukiukaji wa Kaida za Jamii katika Hadithi Fupi ya Bessie Head "The Collector of Treasures"

Bessie Head alizaliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 1937. Alihamia Botswana mwaka 1964, akaishi katika kijiji kikubwa cha Serowe hadi alipofariki mwaka 1986. Mwaka 1977 alichapisha mkusanyiko wa hadithi fupi kuhusu maisha ya vijiji vya nchi hiyo. Hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina, "The Collector of Treasures", ambayo katika makala hii itaitwa Mkusanyaji wa Hazina, inamhusu Dikeledi Mokopi, mwanamke wa kijiji cha Puleng aliyemuua mumewe kwa kumkata sehemu za siri. Tukio hilo ni zito kiasi kwamba limekuwa kama kivuli kinachoifunika hadithi nzima. Msomaji anayeulizwa hadithi inahusu nini hujibu kwa neno moja: mauaji.

Makala hii inadai kwamba jibu hilo linapunguza kile kilichomo katika matini. Kisu kinashika nafasi ya aya chache tu karibu na mwisho. Sehemu kubwa ya hadithi inaeleza mambo ya kawaida: kuezeka nyumba, kushona nguo, kupika, kupelekeana vyakula, kuzungumza, kuhesabu ada ya shule. Katika mambo hayo ndimo kaida za jamii zinamovunjwa kwanza, kwa utulivu, na mara nyingine bila wahusika wenyewe kujua kwamba wanazivunja. Kisu kinafuata baadaye, pale utulivu huo unapoingiliwa.

Mwisho unaotangulia mwanzo

Hadithi inaanza na safari ya gari la polisi lililomchukua Dikeledi kutoka kaskazini hadi gereza kuu lililo kusini, ambako anakwenda kutumikia kifungo cha maisha kwa kosa la kuua bila kukusudia. Askari jela wa kike anayemwandikisha anamwambia, kwa namna ya mzaha mkavu, kwamba hatakuwa mpweke: wapo wanawake wengine wanne waliofungwa kwa kosa lilelile, na kwamba jambo hilo limekuwa kama mtindo wa siku hizi.

Kinaya hiki hakipaswi kupitwa haraka. Askari jela ni sauti ya dola, lakini kwa kauli yake mwenyewe anatoa ushahidi ambao dola haijautafakari. Mauaji ya mume mmoja yanaweza kuelezwa kama wazimu, hasira au tabia mbaya ya mtu mmoja. Wanawake watano katika chumba kimoja, wote kwa kosa moja, hawaelezeki hivyo. Kwa kuwaweka pamoja, gereza limefanya kazi ya mtafiti bila kukusudia: limekusanya mifano na kuipanga mahali pamoja. Kebonye, mfungwa anayempokea Dikeledi, alikuwa mke wa ofisa elimu aliyewapa mimba wanafunzi. Mtu aliyekabidhiwa elimu ya wasichana ndiye aliyeikatiza, na mkewe ndiye aliyelazimika kuwapokea wazazi wenye malalamiko. Hadithi ya Kebonye inasimuliwa kwa ufupi mno, nayo inatosha.

Mbinu rejeshi inayotumika hapa ina athari ya moja kwa moja kwa dhamira. Kwa kuwa msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza nani aliuawa na nani aliua, taharuki inahama kutoka kwenye swali la nini kilitokea kwenda kwenye swali la kwa nini. Mahakama imekwisha kutoa hukumu yake. Msimulizi anafungua kesi upya, mbele ya msomaji, na safari hii ushahidi unaanzia mbali zaidi ya usiku wa tukio.

Wanaume wa aina mbili

Katikati ya hadithi msimulizi anaacha kusimulia na kuanza kufafanua. Anasema kuwa katika jamii hiyo wapo wanaume wa aina mbili, kisha anaeleza chanzo cha aina ya kwanza, ile inayosababisha taabu, kwa kupitia vipindi vitatu vya historia. Kipindi cha mababu kiliweka utaratibu thabiti, lakini kilimpa mwanamume ukuu na kumhesabu mwanamke kuwa kiumbe wa chini. Kipindi cha ukoloni kilileta kodi ya fedha taslimu na kazi za mkataba katika migodi ya Afrika Kusini, vikamwondoa mwanamume nyumbani na kumvunja nguvu. Kipindi cha uhuru, uliopatikana mwaka 1966, kilimpa ajira serikalini na mshahara, lakini hakikumpa kitu cha kujaza utupu ulioachwa na vipindi viwili vya awali. Garesego Mokopi, mume wa Dikeledi, ni zao la historia hiyo: karani ambaye kipato chake kimeongezeka na wajibu wake umepungua.

Wapo watakaoona kwamba ufafanuzi huu ni dosari ya kisanaa, kwa kuwa hadithi fupi haina nafasi ya hotuba. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Sauti ya msimulizi inabadilika ghafla, na wahusika wanatoweka kwa muda. Hata hivyo, ukiondoa sehemu hiyo, Garesego anabaki mtu mbaya tu, na hadithi inageuka kisa cha mke mwema na mume mwovu. Ufafanuzi wa kihistoria unaizuia hadithi kuangukia huko. Unaonyesha kwamba mfumo dume hauna umri mmoja wala chanzo kimoja, na kwamba ukoloni haukuuondoa, bali uliuondolea mipaka. Katika utaratibu wa zamani mwanamume alikuwa na mamlaka, lakini pia alikuwa na wajibu ambao jamii iliweza kumdai. Baada ya migodi na mshahara, mamlaka yalibaki na wajibu ukatoweka. Huu ni uchambuzi makini kuliko ule unaolaumu mila peke yake au ukoloni peke yake, na mwandishi ameuweka ndani ya hadithi kwa sababu wahusika wake hawana namna ya kuutamka.

Jazanda ya mbwa inayoambatana na ufafanuzi huo ni kali, nayo inarudi baadaye. Wanaume wa aina ya kwanza wanafananishwa na mbwa wa kijijini wanaomfuata jike kwa kugombania, kila mmoja akijiona wa pekee. Ikumbukwe kwamba Head mwenyewe hakupenda kuitwa mfeministi. Alishikilia kuwa kazi ya akili haina jinsia. Kauli ya mwandishi kuhusu nafsi yake haiufungi mkono uhakiki, lakini inasaidia kueleza kwa nini hadithi yenye taswira kali hivi ya wanaume ina pia mwanamume kama Paul Thebolo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye ni aina ya pili. Thebolo ni mpole, mkarimu, mwenye kumpenda mkewe na kujadili siasa na wageni wake jioni. Ni lazima kusemwa kwamba amechorwa vizuri kupita kiasi. Hana kosa hata moja, na mhusika asiye na kosa huwa mwepesi kama karatasi. Umuhimu wake uko kwingine: kuwapo kwake kunathibitisha kwamba tabia ya Garesego haitokani na uanaume wenyewe.

Uchumi wa mikono na maneno

Jina Dikeledi katika Kitswana lina maana ya machozi. Alizaliwa wakati wa msiba wa baba yake, akalelewa nyumbani kwa jamaa kama mtumishi, hakupata elimu. Aliolewa na Garesego, akazaa naye watoto watatu wa kiume, na baada ya miaka minne mume akaondoka. Kwa miaka minane iliyofuata Dikeledi aliwalea watoto peke yake kwa kazi za mikono: kushona, kufuma, kusuka vikapu, kuezeka mapaa kwa nyasi. Kijijini alijulikana kwa sifa ya mapaa yake yasiyovuja.

Hapa pana ukiukaji wa kaida ambao ni rahisi kuupita. Kaida inamtaka mke aliyeachwa aonekane kama aliyepungukiwa. Dikeledi hakuonekana hivyo. Nyumba yake ilikuwa imara kwa maana halisi ya neno. Hakumfuata mume, hakuomba, wala hakutafuta mwanamume mwingine. Uhuru wake haukutangazwa kwa maneno yoyote; ulijengwa kwa nyasi na uzi. Ndiyo maana mikono yake inasimuliwa kwa kina, na ndiyo maana mikono hiyohiyo inayoezeka na kufuma ndiyo itakayoshika kisu. Mwandishi hatenganishi mikono miwili. Anaacha ukali wa jambo hilo ubaki bila kulainishwa.

Thebolo na mkewe Kenalepe wanapohamia jirani, unaanza ushirikiano ambao unastahili kuitwa kiini cha hadithi. Dikeledi anamshonea Kenalepe bila kudai malipo. Nyumba ya Thebolo nayo inapeleka vyakula kwa Dikeledi. Hakuna bei inayotajwa, na hakuna deni linalohesabiwa. Wanawake hawa wawili wanakaa pamoja, wanasikiliza mijadala ya wanaume na kuirudia kwa namna yao, na wanazungumza mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi. Katika mazungumzo hayo Dikeledi anakiri kwamba katika ndoa yake hakuwahi kuonja raha ya tendo la ndoa. Kenalepe, kwa mapenzi na kwa uchangamfu wa ujana, anajitolea kumwazima mumewe.

Pendekezo hilo linashtua, na limekusudiwa kushtua. Hata hivyo limepokelewa katika hadithi bila kelele. Dikeledi anaguswa na ukarimu huo, anaufikiria, na baadaye, alipokuwa akiihudumia nyumba ya rafiki yake wakati wa ugonjwa, anasema kwamba halihitajiki tena. Mafundisho kuhusu mwili na tendo la ndoa si jambo geni kwa wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako somo au kungwi humfunda mwari. Lakini mafunzo hayo hufungamanishwa na ndoa na hutolewa na mkubwa kwa mdogo. Mazungumzo ya Kenalepe na Dikeledi ni ya marafiki walio sawa, na swali lake ni moja tu: mwanamke mwenyewe anapata nini? Kuuliza hivyo ni kuvunja kaida. Kukataa kwa Dikeledi nako hakupaswi kusomwa kama kurudi kwenye maadili ya kawaida. Anakataa kwa sababu ameshapata alichokuwa amekikosa, yaani upole, na amekipata kwa njia ambayo jamii yake haina jina la kuiita.

Randi 20 na barua mbili

Mgogoro unaanza na jambo dogo. Banabothe, mtoto wa kwanza, amefaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwa daraja la juu. Dikeledi ameweka akiba kwa miaka, lakini anapungukiwa randi 20 za ada ya sekondari. (Botswana ilitumia randi ya Afrika Kusini hadi ilipoanzisha pula mwaka 1976.) Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane anamwendea Garesego, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mtoto wa wote wawili. Garesego anajibu kwa kumtuhumu: aziombe fedha hizo kwa Thebolo, kwa kuwa kijiji kizima kinajua kwamba yeye ni mwanamke wake wa pembeni.

Tuhuma hii inafaa kusomwa kwa makini kuliko tusi la kawaida. Garesego ameona vyakula vikitoka nyumba ya Thebolo kwenda nyumba ya Dikeledi. Katika fahamu yake kuna aina moja tu ya mapatano kati ya mwanamume na mwanamke, nayo ni ya mwili. Kwa hiyo anatafsiri uchumi wa ukarimu kuwa uchumi wa ukahaba, na umbea wa kijiji unaipa tafsiri hiyo nguvu. Kaida inajilinda kwa njia hii hasa. Haihitaji sheria wala fimbo. Inatosha kulipa jambo jipya jina la zamani, na jambo hilo linachafuka. Thebolo anapomkabili Garesego, anamwambia kwamba anachafua maisha. Neno hilo limechaguliwa vizuri.

Kisha Garesego anatuma barua fupi. Anasema atakuja nyumbani ili wamalize tofauti zao, na anaomba aandaliwe chakula na maji ya kuoga. Ada haitajwi. Anamwita mkewe mama, kwa heshima ile ya kawaida. Dikeledi anatambua mara moja maana iliyofichwa: mume anarudi kudai mahali pake kama mbwa anayerudi kuweka alama kwenye eneo lake baada ya kuona mbwa mwingine amepita. Anajibu kwa barua fupi vilevile, akimwita bwana na kuahidi kuandaa kila kitu.

Barua hii ya pili ndiyo sehemu yenye uasi mwingi zaidi katika hadithi yote, nayo imeandikwa kwa lugha ya utii. Dikeledi hajakiuka adabu hata kidogo. Anatumia maneno yote ambayo mke mwema anatakiwa kuyatumia, na kila neno ni kweli, kwa kuwa kila kitu kitaandaliwa. Mwanamke ambaye hana lugha rasmi ya kupinga anachukua lugha ileile ya kunyenyekea na kuigeuza kuwa siri. Garesego anaisoma kama alivyozoea kuisoma, na kosa lake ni hilo.

Kisu

Usiku wa tukio, Dikeledi anafanya yote aliyoahidi. Maji yapo, chakula kipo, watoto wamelala. Anampa Garesego nafasi ya mwisho kwa kuuliza habari za ada. Anapata jibu la kukwepa. Mume anapolala anachukua kisu alichokiweka tayari na kukata, kwa ustadi uleule unaosifiwa katika kazi zake nyingine. Baadaye anamwamsha Banabothe na kumtuma kuita polisi.

Mwili umechaguliwa kwa maana. Kilichokatwa ni kile ambacho Garesego alikifanya kuwa hati ya umiliki. Lakini hadithi haisherehekei. Msimulizi anaeleza kifo hicho kwa sauti kavu, karibu ya kitaarifa, na Dikeledi hatoi hotuba. Utafiti unaoiita hatua hii ukombozi unapaswa kujibu swali gumu: ukombozi gani unaoishia katika kifungo cha maisha? Na unaoiita kisasi nao unapaswa kueleza kwa nini Dikeledi alisubiri miaka minane bila chuki, na angeendelea kusubiri kama Garesego asingerudi. Njia nyingine, ambayo makala hii inaiona kuwa na ushahidi zaidi katika matini, ni kukisoma kitendo hicho kama ulinzi wa kitu kilichokuwa tayari kimejengwa. Dikeledi hakuua ili apate uhuru. Alikuwa nao. Aliua pale mume alipokuja kuudai urudishwe, na wakati huo hapakuwa na chombo chochote ambacho angekikimbilia kwa kosa la mume kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Katika sheria ya Botswana, mamlaka ya mume juu ya mke na mali katika ndoa za kiserikali hayakufutwa hadi mwaka 2004.

Ulinganisho mfupi unafaa. Firdaus wa Nawal El Saadawi, katika riwaya ya Kiarabu iliyotoka mwaka 1975, naye anaua mwanamume na kuongea kutoka gerezani, lakini yeye anaifahamu falsafa ya kitendo chake na anaitangaza. Katika fasihi ya Kiswahili ya kipindi hichohicho, uasi wa mhusika wa kike mara nyingi hugeuka na kumwangukia mwenyewe: Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, anajiua, Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, anatoroka ngome ya baba na kuangukia mateso ya mjini. Dikeledi hana maneno ya Firdaus, wala hajiangamizi kama Rosa. Anaadhibiwa na dola, lakini nafsi yake haivunjiki, na hilo ni jambo adimu kwa wahusika wa aina yake.

Chumba cha wanawake watano

Kichwa cha hadithi kinapata maana yake kamili gerezani. Dikeledi anaelezwa kama mtu ambaye katika maisha ya majivu daima aliweza kuokota vipande vya dhahabu, yaani mapenzi ya watu. Upole wa Kebonye usiku wa kwanza anauongeza kwenye hazina zake. Wafungwa wanafuma, wanafanya kazi pamoja, wanasimuliana. Ule ushirikiano uliovunjwa Puleng unaanza tena katika mahali ambapo hakuna mume anayeweza kuingia. Ni kinaya kichungu kwamba mahali hapo ni gereza, na Head haufichi uchungu wake: wanawake hawa wana amani kwa sababu jamii imewatoa ndani yake.

Hata hivyo, hadithi haiishii gerezani, kwa kuwa gereza lilisimuliwa mwanzoni. Inaishia Puleng, usiku uleule, Thebolo anapofika na kumwambia Dikeledi, akimwita Mma-Banabothe, yaani Mama Banabothe, kwamba asiwe na hofu juu ya watoto. Atawachukua kama wake na kuwapa wote elimu ya sekondari. Ada iliyokosekana inapatikana, na inatoka mkononi mwa mwanamume. Mtafiti wa kifeministi anaweza kuona hapa kasoro ya uasi wote, kwamba hatima ya mwanamke bado inategemea wema wa mwanamume mmoja. Pingamizi hilo ni halali. Lakini watoto wa Dikeledi ni watatu, na wote ni wavulana. Baba yao alikuwa wa aina ya kwanza, na sasa watakua katika nyumba ya aina ya pili. Mwandishi aliyejali sana kueleza jinsi historia inavyowatengeneza wanaume hakuwafanya wawe wavulana kwa bahati.